Saksafoni ya mtumba au ya kukodi? (Sehemu ya pili)

Juma lililopita tuliishia kwa Adolphe Sax, Mbelgiji aliyesajili ala yake mjini Paris mwaka wa 1846, na tukaona kwamba saksafoni, ingawa mwili wake ni wa shaba, ina undugu zaidi na zumari kuliko na tarumbeta: sauti yake huanzia kwenye ridi, kile kipande chembamba cha tete kinachotetemeka mdomoni. Leo tuje kwenye pesa, maana hapo ndipo vijana wengi wa Tezo wanapokwama.

Anayetaka saksafoni huku kwetu mara nyingi ameisikia kwanza harusini, kwenye bango. Mtindo huo uliopata umaarufu kupitia Mzee Joseph Ngala wa Freretown, mwalimu wa shule na mpulizaji wa saksafoni, huchanganya midundo ya Kimijikenda na ladha ya taarabu na jazi. Ndani yake saksafoni ni kama ina zamu yake ya kuimba: mwimbaji akimaliza ubeti, yenyewe inapokea. Kijana aliyeisikia hivyo hatakubali umpe filimbi ya plastiki aanzie hapo, na mimi simlaumu.

Nchini Marekani mtoto anayejiunga na bendi ya shule hukodishiwa ala dukani kwa malipo ya kila mwezi, na katika mikataba mingi sehemu ya pesa hizo huhesabiwa kuwa malipo ya kuinunua. Ikiharibika kwa matumizi ya kawaida, duka huitengeneza. Kwa anayeanza, huyo fundi wa duka ana thamani kuliko unafuu wa bei, kwa sababu mwanafunzi hawezi kujua kama noti imegoma kwa udhaifu wake au kwa ubovu wa ala. Tezo hatuna duka la namna hiyo. Kukodi kwetu ni kuzungumza na kanisa, na bendi, au na mpulizaji mwenye ala mbili, mkapatana. Au ni kujiunga na kundi lenye ala zake, kama Ghetto Classics walivyofanya Korogocho, Nairobi, tangu 2008: mtoto hujifunza kwa ala ya mradi, na mzazi hahangaiki na bei ya saksafoni.

Tuchukue mfano. Mmepatana shilingi 3,000 kwa mwezi, na saksafoni aina ya alto, ya mtumba, unaambiwa 45,000. Itachukua miezi 15 kodi kufikia bei hiyo. Miezi sita ni 18,000. Hazirudi, ni kweli, lakini kufikia hapo utakuwa umejua kama mtoto anashika mazoezi au ala inalala uvunguni. Kwa hiyo nasema wazi: ukipata ya kukodi kwa mtu mwaminifu, kodi kwanza. Na muandikiane. Mzee mmoja wa Mtondia aliniuliza, "Mwalimu, kwani hatuaminiani?" Nilimjibu kwamba ugomvi hauletwi na wizi, huletwa na pedi ya kufunga tundu iliyochanika bila mtu kujua imechanikia mikononi mwa nani. Andikeni ala iko katika hali gani siku inapotoka, na nani atamlipa fundi.

Usipopata, nunua. Hapo nitasisitiza jambo moja ambalo wazazi hulipinga: ya mtumba yenye jina ni bora kuliko mpya isiyo na jina. Ile mpya inayong'aa, ya bei ya chini kabisa, mara nyingi chuma cha funguo zake ni laini. Fundi akizinyoosha leo, baada ya wiki chache zimepinda tena, na kifaa kikivunjika hapatikani mwenye cha kubadilisha. Alto ya wanafunzi kama Yamaha YAS-23 ilitengenezwa kwa miaka mingi, vipuri vyake vinajulikana, na kuchubuka rangi hakuiharibu sauti.

Lakini isipimwe kwa macho tu. Nilimsindikiza mama mmoja na kijana wake kuangalia alto mjini Kilifi. Muuzaji alikuwa ameisugua ikapendeza. Tuliomba chumba cha ndani, tukafunga pazia, tukashusha ndani ya ala uzi wa taa ndogo za mapambo, kijana akashika funguo za noti ya chini kabisa. Kwenye pedi mbili za chini mwanga ulichungulia mwembamba kama ukucha. Pedi zile za ngozi zilikuwa zimekauka ukingoni, hazifungi tundu. Muuzaji akasema ni kitu kidogo. Si kidogo: alto ina pedi zaidi ya 20, na zikihitaji kubadilishwa zote gharama inaweza kukaribia bei ya ala yenyewe. Mama akaomba bei ipunguzwe kwa kiasi ambacho fundi angedai, na ikapunguzwa.

Kama hujui kupuliza, nenda na anayejua. Aanze na noti ile ya chini kabisa, tena polepole. Ikitoka kwa kulazimishwa tu, hewa inavuja mahali. Itazame shingo ya ala kutoka ubavuni: ikiwa imeinama au ina mikunjo upande wa chini, iliwahi kubanwa kwa nguvu, na kuirudisha ni kazi ya fundi stadi.

Saksafoni kongwe za Marekani zina mitego miwili. Ya kwanza ni zile zilizopigwa muhuri wa HIGH PITCH karibu na namba ya usajili. Zilitengenezwa kwa kipimo cha juu cha sauti kilichokwisha kuachwa, na hazitalingana na kinanda wala gita hata ufanyeje. Unayotaka imeandikwa LOW PITCH, au haina muhuri wowote na ni ya baadaye. Ya pili ni ile iitwayo C melody, iliyopendwa sana miaka ya 1920. Ni ala nzuri, lakini ufunguo wake si wa alto wala wa tenori, na mwanafunzi atakuwa peke yake na vitabu visivyomfaa.

Kisha kuna chumvi. Upepo wa bahari unatufikia hapa, na ndani ya saksafoni springi nyingi ni sindano za chuma. Ukiziona za rangi ya samawati iliyoiva usishtuke, ndivyo zilivyotoka kiwandani. Ukiona kahawia, hiyo ni kutu, na springi ya namna hiyo hukatika bila taarifa, pengine katikati ya harusi. Muulize muuzaji ala ilikaa wapi. Iliyopigwa miaka mingi kwenye hoteli ya ufukweni ikaguliwe springi moja moja.

Usitume pesa kwa M-Pesa kwa ala uliyoiona kwenye picha, hata kama ni "ya kuishikia" tu. Na kabla ya kulipa, hakikisha umebakiza za ridi, maana bila ridi saksafoni haitoi sauti. Sehemu ya tatu, juma lijalo, itaeleza ridi za namba gani zinamfaa anayeanza, na kwa nini namba 2 mara nyingi inatosha.