Goma na sifa za "kuliko yote": nani alipima?

Mji wa Goma umejengwa kwa mawe meusi ya lava, na hukosi mtu wa kukuambia kwamba mlima wetu ni mkali kuliko yote, na ziwa letu ni la kutisha kuliko yote. Sibishi. Ila nimezoea kuuliza nani alipima, na nani alikuja nyuma yake kupima tena.

Lava yenye mbio kuliko zote. Tarehe 10 Januari 1977 mlima wetu, volkano ya Nyiragongo, ulipasuka ubavuni, na ziwa la lava lililokuwa kileleni likamwagika kwa muda usiofika saa moja. Kasi inayotajwa hufika kilomita 60 kwa saa. Yawezekana, maana lava hiyo ina silika kidogo mno na hutiririka kama uji mwepesi. Lakini ni makadirio. Hakuna aliyesimama njiani na saa mkononi.

Ziwa lililobeba gesi nyingi kuliko yote. Katika vilindi vya Ziwa Kivu zimeyeyuka takriban kilomita za ujazo 300 za hewa ukaa na 60 za methani. Mwaka 2005 watafiti walitangaza kwamba methani imeongezeka kwa hadi asilimia 15 tangu vipimo vya miaka ya 1970. Habari kama hiyo haimpi mtu usingizi: Ziwa Nyos la Kameruni, dogo mno mbele ya Kivu, lilitoa hewa ukaa mwaka 1986 na kuua watu wapatao 1,700. Basi mwaka 2018 vikundi kadhaa vya watafiti, kila kimoja na vyombo vyake na mbinu yake, vilipima ziwa hilohilo na kulinganisha majibu. Ongezeko halikuonekana. Makala yenye habari hiyo ilitoka 2020, na mmoja wa waandishi wake ni Martin Schmid, yuleyule aliyeongoza ile ya 2005. Kwangu mimi, rekodi ya Kivu ni hiyo: mtu kurudi ziwani kujisahihisha.

Jaribio kubwa kuliko yote la dawa za Ebola. Jina lake ni la Kiswahili: Pamoja Tulinde Maisha, kwa kifupi PALM. Lilianza Novemba 2018, jimbo letu la Kivu Kaskazini likiwa vitani, chini ya Profesa Jean-Jacques Muyembe wa INRB, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kongo, pamoja na Wamarekani. Wagonjwa 681 wa Beni, Butembo, Katwa na Mangina waligawiwa dawa nne kwa bahati nasibu, daktari asipate nafasi ya kupendelea. Jaribio la Afrika Magharibi lililotangulia lilipata wagonjwa 72 tu. Jopo la nje, lisilotibu mtu, lilikagua hesabu kila mara, na Agosti 2019 likasema inatosha. Waliopewa ZMapp au remdesivir walikufa karibu nusu. Waliopewa mAb114 au REGN-EB3, kama theluthi moja. Na hiyo mAb114 asili yake ni damu ya Mkongo aliyepona Ebola ya Kikwit, 1995.

Neno lililosafiri mbali. Kuzunguka Goma kuna mabonde ambamo hewa ukaa hutuama na kuua mbuzi, hata watu, kimyakimya, hasa alfajiri kabla upepo haujavuma. Wataalamu wa volkano wa Ulaya hawakuyatafutia jina lao. Katika makala zao wanaandika mazuku, kama wanavyosema wenyeji wa hapa.