Kabla ya kununua jibini, pima trei yako ya piza

Anayetaka kuoka piza nyumbani, iwe ya familia au ya kuuza kwa majirani na maofisini, huuliza kwanza bei ya jibini na ya unga wa ngano. Trei huchukua iliyopo kabatini, au ya bei ndogo kuliko zote dukani. Hapo ndipo hasara inapoanzia, kwa sababu trei ndiyo inayoamua kama kitako cha piza kitaiva na kama mwokaji atabakiwa na kitu mfukoni.

Huko Napoli, Italia, trei haitumiki. Piza huwekwa juu ya sakafu ya tanuri la kuni lenye joto la zaidi ya nyuzi 400 za Selsiasi, na huiva kwa sekunde 60 hadi 90. Oveni nyingi za nyumbani huishia nyuzi 250 hivi. Kwa joto hilo dogo, trei ndiyo inayotakiwa kufikisha moto chini ya donge kabla jibini halijaungua juu.

Alumini hupitisha joto haraka kuliko chuma, lakini ile nyembamba inayong'aa hurudisha sehemu ya joto na hupinda ikipata moto mkali. Chagua nene, isiyong'aa. Chuma cheusi hukausha kitako vizuri zaidi. Mjini Detroit, Marekani, piza nene ya mstatili iliyoanza mwaka 1946 ilipata umaarufu kwa kuokwa katika trei za chuma zilizotengenezwa kwa matumizi ya viwandani, si ya jikoni! Kikaango kizito cha chuma nacho kinafaa, mradi kipashwe moto kwanza na mpini wake usiwe wa plastiki. Trei zenye utando wa kuzuia kushika zitumie kwa tahadhari: utando wa aina ya teflon huanza kuharibika joto likipita nyuzi 260, na huchubuka ukikatia piza humo humo.

Asiye na oveni atumie sufuria nene yenye mfuniko, apalie mkaa juu na kuacha moto kidogo chini, kama afanyavyo kwa keki.

Sasa tuje kwenye hesabu, ambayo wengi huiruka. Piza hupimwa kwa upana, lakini unga, nyanya na jibini hufuata eneo. Trei ya sentimeta 20 ina eneo la sentimeta za mraba 314. Ya sentimeta 30 ina 707. Upana umeongezeka mara moja na nusu, malighafi zimeongezeka mara mbili na robo. Kwa piza nyembamba, ya kwanza itahitaji gramu 110 hivi za donge, ya pili karibu 250.

Chukulia malighafi za piza ndogo ni Sh 4,000 nawe unaiuza Sh 8,000. Kubwa itakula malighafi za Sh 9,000. Ukiiuza Sh 12,000, kwa kufuata upana, unabakiwa na Sh 3,000, pungufu ya zile Sh 4,000 za ndogo. Sisemi uitoze Sh 18,000, maana kazi na nishati haviongezeki kwa kiwango hicho. Lakini chini ya Sh 13,000 ni afadhali uoke ndogo tu.

Ndiyo maana nashauri uende dukani na futi ya kupimia. Pima kitako, si mdomo. Trei yenye mdomo wa sentimeta 30 na kitako cha 27 ina eneo la chini pungufu kwa asilimia 19, na donge la gramu 250 humo litakuwa nene na kuchelewa kuiva katikati. Kabla ya hapo pima oveni yenyewe kwa ndani, na uache sentimeta mbili au tatu kila upande ili hewa ya moto izunguke. Oveni ndogo za mezani mara nyingi hazipokei trei ya sentimeta 30, hata kama mwenye duka anaapa kwamba itaingia.