Futuhi Ikishuka Jukwaani, Kicheko Hukaa Wapi?

Mwigizaji wa futuhi jukwaani hujifunza mapema kungoja. Ametamka neno, ukumbi umeangua kicheko. Haendelei mpaka kicheko kianze kushuka. Akiwahi, maneno yake humezwa. Akichelewa, mchezo hupoa. Kimya hicho hakimo katika maandishi ya mtunzi. Hadhira ndiyo hukileta, na cha leo si cha jana.

Kamera haicheki. Mbele yake wamo mafundi walioamriwa wanyamaze, na picha iliyopigwa siku hiyo ndiyo itakayoonekana katika ukumbi wa watu elfu na kwenye simu ya mtu mmoja kitandani. Mwongozaji akiacha nafasi ya kicheko, aliye peke yake huona shimo; asipoiacha, walio ukumbini hukosa maneno yanayofuata. Watu wanapozungumzia tamthilia zilizogeuzwa kuwa filamu, husifu kamera kwa kutoka nje ya kuta za jukwaa. Mimi naona kazi ngumu zaidi ni kukipatia kicheko makao mapya.

Wachekeshaji Ndugu wa Marx, watoto wa jukwaa, walitafuta jibu kwa kupima. Mwaka 1929 walikuwa wakipiga filamu ya The Cocoanuts mchana katika studio ya Astoria, New York, na usiku wakicheza Animal Crackers Broadway. Kabla ya kupiga A Night at the Opera, iliyotoka mwaka 1935, walizunguka majukwaani na vipande vyake, wakasikiliza watu wanacheka wapi na kwa muda gani, ndipo wakajua mahali pa kusita.

Mwongozaji Anthony Asquith alifuata njia nyingine. Tamthilia ya Oscar Wilde, The Importance of Being Earnest, ilifunguliwa London tarehe 14 Februari 1895. Katika filamu yake ya mwaka 1952, Asquith anaanza kwa kutuonyesha watazamaji wakiketi katika ukumbi wa maonyesho, kisha pazia linafunguka. Amekiri waziwazi kwamba huu ni mchezo wa jukwaani, na mwigizaji Edith Evans anapewa nafasi ya kuivuta sauti yake kama mtu mwenye ukumbi mzima mbele yake.

Jibu la tatu ndilo linalonivutia kuliko yote. Mwaka 1928, Ben Hecht na Charles MacArthur, waliowahi kuwa waandishi wa habari Chicago, waliipeleka The Front Page Broadway. Mchezo mzima umo ndani ya chumba kimoja, chumba cha wanahabari katika jengo la mahakama ya jinai. Mtu aitwaye Earl Williams anangoja kunyongwa. Sherifu na meya wanautaka mwili wake kwa ajili ya kura. Mwandishi Hildy Johnson anataka kuacha kazi akaoe, na mhariri wake Walter Burns hayuko tayari kumwachia. Williams anatoroka, na anaishia kufichwa ndani ya meza ya kuandikia yenye kifuniko. Lewis Milestone aliigeuza kuwa filamu mwaka 1931, na Hildy akabaki mwanamume.

Howard Hawks alipoichukua mwaka 1940 na kuiita His Girl Friday, alimfanya Hildy mwanamke, tena mtalaka wa Walter. Rosalind Russell na Cary Grant wakapewa nafasi hizo. Kwa badiliko hilo moja, ugomvi wa kazi ukawa pia ugomvi wa ndoa: kila Walter anapomsifia Hildy uandishi wake, anamposa upya, na mchumba mpya, wakala wa bima, hana lugha ya kuingilia.

Kuhusu kicheko, Hawks aliamua kutokisubiri kabisa. Majibizano yalitungwa hivi kwamba mwanzo na mwisho wa sentensi una maneno yasiyo na uzito. Mmoja akimkatiza mwenzake, kinachopotea ni makapi, punje inasikika. Simu zinalia juu ya simu, watu watatu wanasema kwa pamoja, na mtazamaji anacheka huku akikimbizana nao. Hawezi kuangua kicheko kirefu, kwa hiyo kinamlimbikia kifuani. Huo ndio utamu wa filamu hiyo, na ndiyo sababu inapendeza hata ukiitazama peke yako.

Lakini kasi hiyo ina kazi nyingine. Mollie Malloy, mwanamke maskini aliyemtendea Williams wema, anaingia katika chumba kile kuwalaumu wanahabari waliompakazia uongo magazetini. Wanamkejeli. Hildy anamshika mkono na kumtoa nje. Wanaume wale, ambao tangu tuwaone hawajafunga mdomo, wanabaki wameketi, hawasemi. Hakuna muziki wa kutuambia tuhuzunike. Ni kimya tu, na kinauma kwa sababu hatujapewa kingine kama hicho tangu filamu ianze.

Billy Wilder aliirudia hadithi hii mwaka 1974 akiwa na Jack Lemmon na Walter Matthau, akamrudisha Hildy kuwa mwanamume. Ni waigizaji hodari mno, ila mimi bado narudi kwa Hawks, tena kwenye dakika ile ya Mollie. Jukwaani, kimya baada ya neno huwa mali ya wanaocheka. Hawks aliwanyang'anya wanaocheka mali hiyo, akaiweka akiba, kisha akampa mwanamke aliyechekwa.