Kabla ya kulaumu magoti, pima macho

Jioni, giza likianza kuingia, bibi anashuka ngazi za saruji. Kila kidato anakipapasa kwanza kwa ncha ya mguu ndipo akanyage. Watu wa nyumbani husema ni magoti. Huenda magoti ni mazima, ila macho hayaoni tena kidato kinapoishia.

Macho hayapo kwa ajili ya kusoma na kutambua sura za watu tu. Ndiyo yanayouongoza mwili. Unapochukua kikombe, jicho hukifikia kabla ya mkono. Ubongo hukadiria umbali na ukubwa wake, huutuma mkono, kisha huurekebisha ukiwa bado njiani.

Mwaka 1899, mwanasaikolojia Mmarekani Robert Woodworth alichapisha majaribio ya watu waliochora mistari, mara macho wazi, mara wamefumba. Mkono ulipokwenda taratibu, macho yalisaidia sana kulenga. Ulipoharakishwa mno, faida hiyo ilitoweka, kwa kuwa kurekebisha kunahitaji muda. Ndiyo maana asiyeona vizuri huenda polepole na kutanua vidole kuliko kawaida anaposhika kitu: mwili unajiwekea nafasi ya kukosea.

Uoni hafifu hupunguza hata kipato. Huko Assam, India, wachuma chai wa miaka 40 na zaidi walipewa miwani ya kuonea karibu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba uchumaji wao uliongezeka kwa takriban asilimia 22 ukilinganishwa na wa wenzao ambao walikuwa bado hawajapewa. Mikono ilikuwa ile ile.

Kusoma herufi ukutani kwa daktari mchana hakutoshi kumhakikishia mtu usalama. Mtoto wa jicho hufifisha tofauti kati ya rangi zinazokaribiana, hivyo saruji ya kijivu juu ya saruji ya kijivu huonekana kama sakafu moja. Miwani yenye sehemu mbili nayo ina hatari yake: sehemu ya chini imetengenezwa kwa kusomea, na anayeshuka ngazi akitazamia hapo huona ukungu.

Tiba nyingine hazina gharama kubwa. Paka mstari mweupe au wa njano kwenye ukingo wa kila kidato. Weka taa inayomulika ngazi bila kuchoma macho. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji, usingoje hadi mzee asione kabisa. Na mzazi wako akianza kumwaga chai pembeni ya kikombe, usimwambie ni uzee. Mpeleke akapimwe macho.