Rangi Haitambulishi Tumbawe
Mfugaji wa matumbawe nyumbani asiitegemee rangi. Hutokana na mwani uishio ndani ya tumbawe pamoja na protini zinazong'aa, hivyo taa ikibadilishwa, kipande kilekile cha kahawia chaweza kugeuka kijani. Kiunzi cha chokaa husema zaidi: Fimbriaphyllia ancora na Fimbriaphyllia parancora zote zina minyiri yenye ncha za umbo la nanga, lakini ya kwanza hujenga ukuta uliopindapinda, ya pili hutoa matawi. Kweli, nacho kina mipaka. Matawi ya parancora yanafanana mno na ya Euphyllia glabrescens, na hapo minyiri ndiyo huamua.

Wapo wasemao jina la dukani latosha. Halitoshi hata kidogo: wauzaji hulitunga kwa kufuata rangi, ilhali matumbawe magumu yote yamo katika CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, ambao vibali vyake hutaka jina la kisayansi, walau la jenasi.