Muziki wa Metali Afrika Mashariki (2): Albamu Iliyoitwa Duma

Juma lililopita tuliwaacha bendi ya Black Sabbath studioni London, Oktoba 1969, wakirekodi albamu yao ya kwanza kwa siku moja tu. Leo turudi nyumbani.

Mswahili akisikia Duma atamfikiria yule mnyama mwenye mbio. Lakini Martin Khanja, mwimbaji ajiitaye Lord Spikeheart, na mwenzake Sam Karugu, wote wa Nairobi, walilitoa jina hilo la kundi lao katika lugha ya Wakikuyu, na maana yake ni giza. Mwaka 2019 walikwenda Kampala, kwenye studio ya lebo ya Nyege Nyege Tapes. Albamu ikatoka Agosti 2020, nyimbo 9, kwa jina hilohilo la kundi.

Bendi ya metali huwa na mpiga ngoma anayetumia mikono na miguu yote miwili, na kasi yake hukomea pale msuli unapochoka. Duma hawakuwa naye. Karugu alishika gitaa, midundo akaipanga kwenye kompyuta, nayo kompyuta haihemi. Naamini hapo ndipo albamu hii ilipopata uso wake. Lebo hiyohiyo ilikwishatoa Sounds of Sisso mwaka 2017, singeli tupu ya Dar es Salaam; kwa hiyo kijana wa Ifakara aliyezoea singeli kwenye bajaji hatashtushwa na mbio hizi. Kitakachomshtua ni koo la Khanja.

Niliisikiliza hapa Mbingu mwezi wa nne, kwenye kibanda cha kuchajia simu, mvua ya Udzungwa ikipiga bati hata nikashindwa kutenga gitaa na mvua. Mama mmoja aliyejibanza humo na beseni lake la vitumbua akaniuliza, "Mwalimu, huyo anaumwa?"

Haumwi. Juu ya nyuzi za sauti tunazosemea kuna mikunjo mingine miwili ya nyama, ambayo katika mazungumzo ya kawaida hukaa kimya. Mwimbaji wa metali hujifunza kuisogeza na kuitetemesha kwa pumzi inayosukumwa na misuli ya tumbo. Asiyejua hukamua koo, na kesho yake haongei. Khanja hupanda hadi yowe jembamba kama la filimbi, akashuka ghafla kwenye ngurumo.

Nikamrudishia mama yule wimbo wa "Pembe 666" tangu mwanzo. Akainamisha kichwa, akasikiliza.

"Kumbe anapumua," akasema.

Juma lijalo: The Adept, albamu aliyoitoa Khanja peke yake mwaka 2024.