Habari za Wavuvi wa Ndoana wa Uingereza

Ndoana ni kitu kidogo sana: kipande cha chuma kilichopindwa, chenye chambo, kilichofungwa mwisho wa mshipi. Kwetu sisi, mtu atupaye mshipi majini mara nyingi hutafuta kitoweo. Katika Uingereza wako watu wengi, matajiri kwa maskini, wavuao kwa ndoana si kwa ajili ya njaa, bali kwa kupumzisha moyo. Twataka kueleza jinsi uvuvi huo unavyomjenga mtu, na kwa nini wale waupendao wamegawanyika.

Kwanza, faida yake. Mwenye wavu huwazingira samaki. Mwenye ndoana hana uwezo huo, hana budi kungoja mpaka samaki apende mwenyewe. Kwa hiyo hujifunza kunyamaza, kuangalia kivuli chake kisianguke majini, na kumjua kila mdudu arukaye juu ya mto. Mfano mzuri ni Izaak Walton, aliyezaliwa mwaka 1593, akafanya biashara ya nguo mjini London. Alimzika mke wake wa kwanza, na watoto wote aliozaa naye walikufa wakali wadogo. Tena tangu mwaka 1642 aliona nchi yake ikipigana yenyewe kwa yenyewe. Mtu aliyepatwa na hayo angaliweza kujaa uchungu. Walton alichukua ufito wake akaenda mtoni. Mwaka 1653 alitoa kitabu kiitwacho The Compleat Angler, ambamo mvuvi atembea na msafiri kando ya maji, akimfundisha kwa upole. Aliishi mpaka mwaka 1683, akiwa na miaka 90, na kitabu chake chasomwa hata leo.

Pili, magawanyiko. La kwanza lilitokana na mali. Mito myepesi yenye samaki aina ya trauti na samoni ilikuwa mikononi mwa wenye mashamba. Wafanya kazi wa mijini walikaa kando ya mifereji na mito ya polepole, wakivua samaki wengine. La pili lilizuka kati ya wenye mali wenyewe. Frederic Halford alifundisha, katika vitabu vya mwaka 1886 na 1889, kwamba trauti avuliwe kwa mdudu wa bandia, aliyeundwa kwa manyoya, aeleaye juu ya maji. Wafuasi wake waligeuza shauri hilo kuwa sheria. Lakini G. E. M. Skues, mwanasheria, alipochunguza matumbo ya samaki aliona kwamba wamekula wadudu wachanga walio chini ya maji. Basi mwaka 1910 aliandika kwamba ni haki kuwaiga hao pia. Ubishi ulidumu miaka mingi, hata Februari 1938 ukajadiliwa hadharani katika chama cha wavuvi mjini London. Skues alikuwa na miaka 79, na mwaka huo huo aliyaacha maji ya mto Itchen aliyoyavua tangu mwaka 1883. Siku hizi njia zote mbili zafundishwa pamoja. Na wengine wabishana kama samaki arudishwe majini hai, au aliwe.

Wakati watu wakibishana juu ya manyoya, maji yenyewe yalikuwa yakiharibika. Kando ya mto Derwent, katika mji wa Derby, kiwanda kilimwaga takataka zake mtoni, mji ulimwaga maji machafu yasiyosafishwa vya kutosha, na mitambo ya umeme ilimwaga maji ya moto. Samaki wakafa. Ndipo mwaka 1948 mwanasheria John Eastwood alipoanzisha chama cha kuwasaidia wavuvi kwenda mahakamani. Katika shauri la Derby, chama cha wavuvi wa huko kilisimama pamoja na bwana mkubwa, Earl wa Harrington, mwenye ardhi kando ya mto. Mwaka 1952 walishinda, na wachafuzi wakakatazwa. Kweli, kidole kimoja hakivunji chawa. Hata hivyo vyama vilikaa mbalimbali muda mrefu. Mwaka 2009 tu ndipo sita kati yavyo vilipoungana kuwa Angling Trust.

Nasi tuna mito na maziwa, na wavuvi wetu pia hushindana: wa mshipi humlaumu wa wavu, wa wavu humlaumu wa mtego. Si kila lawama ni ya bure, maana wavu wa matundu madogo humaliza samaki wachanga. Lakini tukigombana, na tuulizane kwanza: je, jambo hili ladhuru maji na mazao yake, au laumiza majivuno yetu tu? Likiwa ladhuru maji, tulikataze kwa umoja. Likiwa ni la majivuno, tumwache jirani avue kwa njia yake.